Kamera ndo inachagua steringi: kwanini tunawashangilia majambazi kwenye muvi

MkataPicha

Wakuu habari za jioni. Wapenzi wa muvi sogeeni hapa, na ambao hamjaziangalia hizi nitakazotaja mnisamehe, nitawamwagia mwisho.

Juzi nimekaa na mdogo wangu anarudia ile sizini ya Wahispania wanaovamia kiwanda cha kuchapa noti, La Casa de Papel. Dogo wangu ni mtu wa kwaya, chenji ikizidi mia mbili dukani anairudisha. Sasa mle ndani kuna yule mkurugenzi wa kiwanda, Arturo, ni mateka, yaani mtu kaenda zake kazini asubuhi akakutana na watu wana mabunduki na maovaroli mekundu. Dogo anamtukana Arturo! Kila akijaribu kutoroka dogo anasonya. Nikamuuliza huyu baba kakukosea nini, akanijibu bila hata kuniangalia, "anatuharibia mpango".

Anatuharibia. Sisi na nani??

Nikacheka ila nimelala nalo hilo neno. Mimi kazi yangu ni kuediti video za harusi, send-off, misiba pia sikatai, kwahiyo najua kidogo mtu anavyopikwa mpaka apendwe. Kuna bwana harusi mmoja alichelewa kanisani masaa mawili, upande wa mke wamenuna mpaka keki. Kwenye kuunganisha nikaanza na mikono yake inafunga tai inashindwa, nikakata kloziapu ya jasho usoni, nikakata kwa mama yake anamfuta, nikaweka foleni ya magari, nikaweka saa ya mkononi. Lile jasho ni la saa nne usiku alivyokuwa anacheza! Foleni ni ya siku nyingine kabisa. Video ilivyotoka shangazi wa bibi harusi mwenyewe akasema "masikini kijana wa watu alivyohangaika siku ile". Mwamba alikuwa kalala tu wakuu.

Huo mchezo ni wa zamani, Warusi wameufanyia majaribio karibu miaka mia iliyopita. Kuleshov alichukua sura moja ya muigizaji, haina furaha haina huzuni, akaibandika na sahani ya supu, akaibandika na maiti kwenye jeneza, watazamaji wakaona njaa, wakaona majonzi. Sura ni ile ile.

Sasa hoja yangu. Waliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, enzi za Lufufu anatafsiri muvi mnakumbuka, ukichelewa kuingia swali la kwanza ni "steringi nani?" Hakuna hata siku moja mtu kauliza "mwema nani?" Mwenzio anakunong'oneza yule mwenye koti, basi, umeshachagua upande. Mwenye koti atavunja shingo za walinzi hamsini na hakuna anayewaza kwamba wale walinzi wameajiriwa tu wana watoto wanasubiri ada. Steringi ni yule anayefuatwa na kamera. Tabia yake tutaijua mbele ya safari, na mpaka tuijue tumeshamzoea.

Kwa hao Wahispania angalieni walivyotutega. Anayesimulia ni Tokyo, mmoja wa majambazi, kwahiyo kila kitu tunakisikia kutoka upande wao. Profesa, kiongozi wao, katoa amri asife mtu, tukapumua. Hela zenyewe wanachapa mpya, kwahiyo ukijiuliza nani kaibiwa hupati sura ya mtu. Halafu Arturo kafanywa kero makusudi, kampa mimba sekretari wake huku ana mke, na kule ndani anamtuma huyo huyo mwenye mimba akamletee simu, binti anakamatwa nayo karibu auawe. Yaani mtu mwenye haki zote ya kulalamika kavikwa ngozi ya mtu ambaye hata jirani yako ungemchukia.

Nipo naandika sehemu ya pili, tiririkeni.

Babu Tozo

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka sana. Binadamu tuna mioyo mibovu, tunapenda hela, magari na wanawake, tukimuona anayevipata bila kutoa jasho tunamtamani. Hamna cha kamera hapo. Weka hata kamera ya simu, mwizi mwenye hela atapendwa.

Manyanga254

Wah, hii uzi iko sawa kabisa. Mimi niko Nairobi, huku tulikuwa na DJ Afro anatusimulia muvi za Kizungu na Kihindi kwa Kiswahili na utani wake juu, na msee akishaamua huyu ndiye wetu, umeisha, hata akiiba ng'ombe ya kanisa tunapiga makofi.

Lakini mkuu mbona uende Uhispania? Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas anauza kanda kijijini na anawaigizia wateja zile sini za mapigano, unampenda dakika ya kwanza sababu huyo ni wewe. Anakuja Nairobi na ndoto ya kuwa muigizaji, hata hajashika njia anaporwa kila kitu, anashikwa na polisi, analazimishwa kuosha choo cha seli, na hiki choo kamera haikuonei huruma, unakiona. Ukitoka hapo roho yako inadai. Kwahivyo anapoanza kuiba vipuri vya gari na hao vijana, wewe hauoni wizi, unaona deni linalipwa. Na mimi nimewahi kuibiwa side mirror, mbili, siku moja! Nilikuwa natazama hiyo muvi nikimuombea Mwas asishikwe.

MkataPicha

Manyanga hapo umegonga msumari. Hiyo ya kumdhalilisha kwanza ni ya hatari kuliko zote. Anza na mtu anaonewa, mengine yote yatasomeka kama majibu. Breaking Bad wamefanya hivyo hivyo mwaka 2008, mwalimu wa kemia, mshahara hautoshi, anaongeza kibarua cha kuosha magari na anaishia kuosha gari la mwanafunzi wake mwenyewe huku anapigwa picha, halafu anaambiwa ana kansa ya mapafu. Kipindi cha kwanza tu hicho. Ukimpa mtu mizigo yote hiyo ndani ya saa moja halafu akaanza kupika madawa ya kulevya, mtazamaji atamshikia sufuria.

Babu Tozo nakuja kwako, subiri kidogo, nimalizie Goodfellas ya Scorsese ya 1990 kwasababu nataka watu waione kwa macho ya fundi.

Kuna sini kijana wa kihalifu Henry anamtoa mchumba wake Karen aut. Nje ya klabu ya Copacabana kuna foleni ndefu. Yeye hapangi foleni. Anampa mtu funguo za gari na hela, anavuka, anaingia mlango wa pembeni, anashuka ngazi, anapita korido, anapita katikati ya jiko na wapishi, kila anayekutana naye anamsalimia kwa jina, anagawa noti kama karanga, wanatokea ukumbini, na pale ambapo hakuna nafasi mhudumu anakuja kabeba meza juu kichwani anaitua mbele kabisa ya jukwaa. Yote hiyo shoti moja, kama dakika tatu, haijakatwa hata mara moja, mwendesha Steadicam (kamera ya kufungwa mwilini, haitikisiki) anawafuata mgongoni na wimbo wa mapenzi wa The Crystals unapiga.

Mimi niliyezoea kukata nakwambia, kutokukata hapo ndo uchawi wenyewe. Ukikata, mtazamaji anapata upenyo wa kupumua na kujiuliza huyu hela katoa wapi. Usipokata unambeba mgongoni kwa Henry, milango inamfungukia yeye na wewe upo nyuma yake unafunguliwa pia. Wakishakaa ndo Karen anauliza, we unafanya kazi gani? Anajibu nipo kwenye ujenzi. Karen anamshika mkono anasema mbona hauna ugumu wa mtu wa ujenzi. Kwahiyo muvi haijatuficha, swali limeulizwa kabisa, ila limekuja tumeshakaa meza ya mbele.

Na siku ya mwisho, tarehe 11 Mei 1980, Henry kachakaa kwa unga, ana bunduki za kuuza, kuna helikopta anahisi inamfuata, na huku nyumbani anapika sosi ya nyanya anamuagiza mdogo wake aikoroge isiungue. Picha zinakatwa haraka haraka, muziki unaruka kabla haujaisha, saa inaandikwa kwenye kioo. Mara ya kwanza kuiangalia kilichoniuma mimi ni sosi. Nilikuwa naogopa sosi itaungua wakuu. Mtu anasafirisha kokeini!

MwanaTanga

Asalaam aleykum. Nimesoma yote, na nashukuru kaka MkataPicha umegusa Breaking Bad maana nina dukuduku nalo.

Mnamkumbuka Skyler, mke wa yule mwalimu, Walter? Alichukiwa huyo dada mpaka muigizaji mwenyewe, Anna Gunn, mwaka 2013 aliandika makala kwenye New York Times kuelezea chuki aliyokuwa anapata, ikavuka mhusika ikamfikia yeye. Hebu niambieni kosa lake. Mume anadanganya, anapotea usiku, ana simu mbili, mke mjamzito anauliza ulikuwa wapi. Kila mke wa hapa Tanga angeuliza hivyo, tena kwa sauti.

Nimekuja kugundua ni hiki hiki mnachosema lakini kwa upande wa siri. Sisi tumeshapelekwa jangwani na mume anakopikia madawa, tunajua kila kitu, mke hajui. Mtu akishakupa siri yake unakuwa mwenzake, upende usipende. Kwahiyo Skyler akiuliza anakuwa kama anatuuliza sisi, na sisi hatutaki kushikwa. Chukua hadithi ile ile, kamera ikae jikoni na mke, mlango unafunguliwa saa nane usiku mume ananuka dawa anasema nilikuwa kazini, hiyo ingekuwa muvi ya kutisha na Walter ndo jini lenyewe. Hakuna hata neno moja la kubadilisha.

Wanaume wa jukwaa hili msinijie juu, najua mnavyompenda yule mzee.

Babu Tozo

MwanaTanga dada yangu Skyler ana kelele tu, hata bila kamera ana kelele 😂😂

Ila bado hamjanijibu. Henry ana hela, Walter anapata hela, wale Wahispania hela. Nionyesheni jambazi asiye na hela, asiye na sura, asiye na lolote la kutamaniwa, halafu kamera peke yake itufanye tumuombee. Mkileta hiyo nanyoosha mikono.

MkataPicha

Babu asante, umenipa mteremko. Psycho, Hitchcock, 1960.

Marion kaiba dola 40,000 za mteja wa bosi wake (kumbuka huyo ndo alikuwa steringi wetu mpaka hapo, mwizi tayari, na tulishaanza kumuonea huruma), analala kwenye gesti ya barabarani, anauawa bafuni. Steringi kafa! Kwa sheria za kibanda umiza hiyo hairuhusiwi, wangedai viingilio vyao. Ukumbi unabaki yatima. Anaingia kijana wa gesti, Norman, anaona damu, anaamini kama sisi tunavyoamini muda huo kwamba mama yake ndo kafanya, na anaanza kusafisha.

Hapo sasa Hitchcock anatulia kabisa. Anakuonyesha usafi. Kijana ananawa mikono, anapiga deki, anaviringisha maiti kwenye pazia la bafu, anakusanya vitu vya marehemu kimoja kimoja, anabeba mpaka kwenye buti. Anarudi kuangalia chumba kama kuna kitu kimesahaulika, na kipo, gazeti juu ya meza, ndani ya gazeti zipo zile hela, yeye hajui. Unajikuta unasema gazeti, gazeti! Analitupa kwenye buti nalo.

Kisha anasukuma gari kwenye kinamasi. Linazama taratibu, anatafuna vitu vyake anaangalia. Likafika katikati likakwama. Kimya. Sura ya Norman, gari, sura ya Norman, gari.

Sasa niambie Babu, hapo ulikuwa unaomba nini. Ndani ya lile gari kuna maiti ya dada wa watu ambaye dakika chache zilizopita ulikuwa unampenda. Norman hana hela, hana demu, anaishi na mama, hakuna mwanaume aliyewahi kutaka kuwa yeye. Na bado ukumbi mzima unaomba gari lizame. Linazama, na wewe unapumua pamoja naye.

Naona ni kwasababu tumeonyeshwa anafanya KAZI. Binadamu ukimuonyesha kazi imeanza anataka aone mwisho, haijalishi kazi gani. Ndo maana muvi za wizi wa benki zinatumia robo saa kuchora ramani na kutoboa ukuta. Nilishawahi kusimama dakika arobaini Kariakoo namuangalia fundi anapasua kufuli na sikujua duka la nani.

Kiroboto wa Temeke

Mkuu hiyo ya kufuli usiiseme kwa sauti 😂 polisi jamii wapo humu

Ila mbona zamani mwishoni lazima wafe? Babu yangu alikuwa anasema jambazi wa muvi lazima afe ndo taa ziwake.

MkataPicha

Kiroboto hiyo ilikuwa sheria kabisa. Hollywood waliandika kanuni zao 1930, wakazikaza 1934, zikadumu mpaka 1968, wanaita za Hays, uhalifu hauruhusiwi kupata huruma ya watazamaji na mhalifu lazima alipe. Kabla hata hazijakazwa, Scarface ya 1932 ilibandikwa maneno "aibu ya taifa" kwenye jina lake na ikatengenezewa mwisho mwingine mkali zaidi. Wakaguzi walikuwa wanasoma hadithi, kafa au hajafa. Hawakusoma kamera imekaa wapi. Matokeo yake saa nzima jambazi anavaa suti nzuri, anaongea maneno makali, taa inampiga vizuri, halafu dakika tano za mwisho anapigwa risasi, tena anakufa kwa mbwembwe, anakufa kisteringi. Watoto wakitoka nje wanacheza kuwa nani? Sio polisi.

Na kuna lingine nalipenda sana, la kumuweka mtu mbaya zaidi pembeni. Kwenye Goodfellas huyo ni Tommy, Joe Pesci alichukua Oscar kwa hiyo, anampiga risasi kijana anayewahudumia vinywaji kwa neno moja tu la ubishi. Kamera inakwenda kwa Henry, kashtuka. Unaona, Henry ana utu! Kashtuka tu. Hajaita polisi, hajaacha kazi. Bei ya utu imeshushwa mpaka kushtuka kunatosha.

MwanaTanga

Na wale waliotapeliwa wanakuwa wapi kaka? Mimi ndo swali langu kila siku. The Wolf of Wall Street nimeiangalia yote masaa matatu, sikumuona hata mmoja.

MkataPicha

Hujamuona kwasababu hayupo dada. Jordan, yule tapeli wa hisa, anampigia simu mtu wa kwanza kumuuzia hisa za ovyo, dola 4,000, nusu ni yake, yule mtu ni sauti tu kwenye simu. Baadaye kwenye ofisi yake mwenyewe anampigia mwingine, naye ni sauti tu kwenye spika, na huku Jordan anamfanyia ishara za matusi wenzake wanakufa kwa kicheko. Ukisikia sauti bila sura huku ukumbi unacheka, unacheka. Weka sura ya huyo mzee yuko jikoni kwake na mkewe wanahesabu akiba, muvi imekufa hapo hapo.

Halafu mwanzoni kabisa Jordan anasema Ferrari yangu ilikuwa nyeupe sio nyekundu, na gari linabadilika rangi barabarani linatembea! Wamekuonyesha mapema kwamba mwenye simulizi anapaka rangi anavyotaka, na tunaendelea kumuamini.

Ila Scorsese, maana hii nayo ni yake, sio mjinga, karibu na mwisho yule afisa wa FBI aliyemkamata anapanda treni kurudi nyumbani, amekaa, anaangalia watu wamechoka na mizigo yao. Hapo ndo karibu pekee watu wa kawaida wanapewa sura. Nimeangalia na washkaji mara mbili, mara zote mbili mtu kashika simu kwenye sini hiyo. Na shoti ya mwisho kamera inageukia watu waliokaa kwenye semina wanamkodolea Jordan macho wanasubiri awafundishe. Wanafanana na sisi tulivyokaa sebuleni, mpaka mdomo wazi.

Manyanga254

Msee umeniharibia hiyo muvi na nilikuwa naipenda

MwanaTanga

Mimi sina shida na kuangalia. Nataka siku moja mtu achukue Arturo, amfuate yeye, na akiwa kero vile vile. Asitakaswe. Nione kama tutamvumilia.

Babu Tozo

Wadau nimerudi. Jana nimeitafuta hiyo Psycho, nikaiweka sebuleni, shangazi yupo kaja kutibiwa macho, Kiingereza hajui, nikawa namtafsiria juu juu. Bafuni pale alisoma dua kwa nguvu, kamlaani aliyefanya na ukoo wake.

Tukafika kwenye kinamasi. Gari likakwama. Mimi nilishajua kwa sababu ya uzi huu, kwahiyo nikageuka namuangalia yeye. Kasogea mbele ya kochi, kashika goti, kaniambia "si angefungua vioo kwanza maji yaingie, mtoto huyu vipi!"

Nimenyoosha mikono. Na huyu ni mhazini wa kikoba chao miaka kumi na mbili, haijawahi kupotea hata mia.

Gari lilivyozama akashusha pumzi, akachukua chai yake. Halafu akaniomba nirudishe nyuma kidogo, hakuona vizuri kama zile hela za kwenye gazeti zilizama nazo.